Picha ya Sumaku: Iyaonayo na Isiyoyaona

Wasomaji wetu wametuuliza mara nyingi juu ya kipimo kiitwacho MRI, nacho siku hizi chatajwa barazani kama vile zamani ilivyotajwa eksirei. Mgonjwa akilalamika mgongo, jamaa husema, "Apelekwe MRI." Akilalamika kichwa, husema vivyo hivyo, na tabibu asiyekiandika kipimo hicho hutiliwa shaka kuwa ama hajui kazi yake ama hamjali mgonjwa. Wengine, kinyume cha hao, wamejawa na hofu. Wamesikia kwamba ndani ya mashine ile mna mionzi ya kuunguza, na kwamba mtu huingizwa humo kama maiti aingizwavyo mwanandani. Twaona yafaa tuieleze mashine hii ni kitu gani, yaona nini na haioni nini. Kwani ajuaye hayo hatauza shamba kwa picha isiyomfaa, wala hatainyamazia hatari iwezayo kuondolewa kwa neno moja.

Kwanza tuliondoe lile la mionzi. Eksirei, na CT iliyo jamaa yake, hufanya kazi kwa mionzi ipenyayo mwilini. Mfupa huizuia, na kivuli chake ndicho kionekanacho katika picha. MRI haina mionzi hiyo hata kidogo. Ina sumaku yenye nguvu nyingi, ina mawimbi ya redio, na kitu cha tatu ni maji yaliyomo mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Hapo mwanzo elimu hii ilikuwa na neno "nyuklia" katika jina lake, kwa sababu yahusu viini vya atomu. Lakini watu walipolisikia neno lile walikumbuka mabomu, na hospitali zikaona afadhali liachwe.

Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na katika kila chembe ya maji mna atomu mbili za haidrojeni. Mafuta nayo yana haidrojeni nyingi. Kiini cha atomu hiyo ni mfano wa sumaku ndogo mno, nacho chazunguka. Waliocheza pia utotoni watalifahamu jambo hili upesi. Pia ikizunguka kwa nguvu husimama wima. Ukiigusa kidogo huinama, ikawa yazunguka huku kichwa chake chachora duara hewani. Viini vya haidrojeni vina tabia kama hiyo. Nje ya mashine kila kimoja chaelekea upande wake, kama watu katika soko. Mgonjwa alazwapo ndani ya sumaku kubwa, vingine hupendelea kuelekea upande wa sumaku na vingine upande wa pili, na nguvu zao karibu zote zikafutana. Vinavyozidi upande mmoja ni vichache tu katika kila milioni. Hata hivyo, kwa kuwa tone moja la maji lina viini visivyohesabika, hao wachache watosha kwa kazi.

Hapo mashine hupiga wimbi la redio la kipimo maalumu. Katika sumaku ya nguvu ya tesla 1.5, ambayo imeenea sana hospitalini, wimbi hilo ni la megahezi 64 hivi, wala si mbali na yale ya vituo vya FM tuvisikilizavyo majumbani. Ndiyo maana kuta za chumba cha MRI aghalabu huzungushiwa shaba, ili redio za mjini zisije zikaingilia mazungumzo. Wimbi lile huviinamisha viini kama kidole kilivyoinamisha pia. Likikoma, viini hurejea katika hali yake ya kwanza, na katika kurejea hutoa wimbi hafifu la redio, ambalo hunaswa na waya zilizozongwa na kuwekwa karibu na kiungo kitakiwacho.

Siri yote imo katika huko kurejea. Maji yaliyo huru, kama yale yaliyomo ndani ya vyumba vya ubongo, hurejea polepole. Mafuta hurejea upesi. Nyama iliyovimba kwa maradhi, kwa kuwa imejaa maji zaidi ya kawaida, huwa na mwendo wake mbali na nyama nzima. Mashine huipima tofauti hiyo na kuigeuza kuwa weupe na weusi. Kwa hiyo tuseme wazi: picha hii haioni umbo kama jicho lionavyo, bali yasikiliza maji na mafuta. Mweke samaki mbichi pamoja na ng'onda aliyekauka. Yule mbichi atang'aa, na ng'onda hataonekana vizuri. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa maana nguvu na udhaifu wa MRI vyote vyatoka hapo.

Yabakia swali moja: mashine yajuaje kwamba wimbi hili limetoka katika ini na si katika wengu? Elimu ya viini hivi ilianza kufahamika mwaka 1946 kwa kazi ya Felix Bloch na Edward Purcell, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha wanakemia, cha kuchunguzia vitu ndani ya chupa. Mwaka 1971 daktari Raymond Damadian wa Marekani alionyesha kwamba saratani za panya zina mwendo wa kurejea usio sawa na wa nyama salama. Mwaka huo huo Paul Lauterbur alipata fikira yenye kufungua mlango. Akaona kwamba sumaku ikifanywa kuwa na nguvu kidogo zaidi upande mmoja kuliko wa pili, viini vya kila mahali vitatoa wimbi la kipimo chake. Ni kama kila mtaa wa mji uwe na kituo chake cha redio: ukijua kipimo cha wimbi umejua mtaa. Mwaka 1973 alichapisha picha ya vijichupa viwili vya maji, na baadaye akapiga picha ya kombe dogo aliloliokota binti yake pwani. Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, akatafuta hesabu za kuiharakisha kazi, na yeye na Lauterbur wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Damadian, ambaye mwaka 1977 alikuwa amempiga picha mtu mzima kwa muda wa karibu saa tano, hakutajwa. Akanunua kurasa nzima katika magazeti kulalamika. Ugomvi wao hatuuamui sisi.

Kubadili nguvu ya sumaku kwa haraka namna hiyo ndiko kuletako kelele inayowatisha wagonjwa. Umeme hupitishwa na kukatwa katika waya zilizomo ndani ya mashine, na waya hizo husukumwa na sumaku, zikapiga na kutetema kama mafundi wa majahazi wakipigilia misumari. Kelele hiyo yaweza kudhuru masikio, kwa hiyo mgonjwa hupewa vizibo au vifuniko vya masikio. Asiyepewa na aviombe. Ni haki yake, wala asione haya.

Ama hatari iliyo kubwa si kelele. Ni ile sumaku yenyewe, na ubaya wake ni kwamba haionekani wala haisikiki. Sumaku ya tesla 1.5 ina nguvu zaidi ya mara 30,000 kuliko ile ya ardhi iigeuzayo dira ya nahodha. Nayo haizimwi jioni kama taa. Waya zake huwekwa ndani ya heliamu iliyogeuzwa kuwa majimaji, yenye baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na katika baridi ile umeme huzunguka bila kupungua. Mgonjwa awepo asiwepo, kelele ziwepo zisiwepo, usiku na mchana, sumaku i macho.

Katika mwaka 2001, kwenye hospitali moja ya jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 alikuwa amelala ndani ya mashine wakati mtungi wa oksijeni ulipoingizwa chumbani. Sumaku iliuvuta mtungi ukaruka hewani ukampiga kichwani, naye akafa. Mwezi wa Januari 2018 mjini Mumbai, mji ambao jamaa zetu wengi wa Afrika ya Mashariki huuendea kwa matibabu, kijana mmoja aliyemsindikiza mgonjwa aliingia na mtungi wa oksijeni mkononi. Akavutwa pamoja nao na kupoteza maisha. Jamaa zake walisema kwamba waliambiwa mashine haifanyi kazi wakati ule. Mwezi wa Julai 2025, huko New York tena, mwanamume mmoja aliingia chumbani na mnyororo mzito wa chuma shingoni, akavutwa, naye akafa. Mtu atazame: katika watatu hawa, wawili hawakuwa wagonjwa waliokuja kupimwa. Walikuwa jamaa.

Kwa hiyo maonyo haya ni ya nyumba nzima, si ya mgonjwa peke yake. Funguo, kisu cha mfukoni, simu, saa, sarafu, fimbo ya chuma na kiti cha magurudumu visivuke mlango ule. Wanawake waondoe pini za ushungi, vibanio vya nywele, kipini cha pua, herini, bangili na mkufu. Dhahabu safi haivutwi na sumaku, lakini yaweza kupata joto na kuiharibu picha, na aghalabu imechanganywa na madini mengine. Wanja na rangi za uso nyingine zina chembe za chuma, basi uso na uoshwe kabla ya kwenda. Hirizi iliyofungwa ndani ya kikopo cha bati nayo ivuliwe, na yule bibi aliyemfunga mtoto kiunoni aambiwe mapema ili asije akamfunga nyingine njiani. Nguo zilizofumwa kwa nyuzi za madini zimewahi kumuunguza mtu; kwa hiyo tusikatae shuka ya pamba ya hospitali. Mwanamke akitaka kujisitiri kichwa na aombe kitambaa cha pamba tupu kisicho na pini, na wapimaji wengi hawana kizuizi juu ya hilo.

Vilivyomo ndani ya mwili ndivyo vyenye shida kubwa, kwani havivuliwi. Kabla ya kipimo mgonjwa huulizwa maswali mengi: Je, ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo? Ana kibanio cha mshipa wa damu kichwani? Ana kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni? Alipata kupigwa risasi? Amewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga vyuma? Swali hili la mwisho huwachekesha watu, ilhali mwaka 1986 madaktari waliandika habari za mtu aliyekuwa na kijipande cha chuma jichoni bila ya kukijua. Sumaku ilikisogeza na damu ikavuja ndani ya jicho. Fundi wa gereji na alijibu swali lile kwa uangalifu. Akisema ndiyo, eksirei ya macho itatosha kumchunguza kwanza.

Si kwamba kila mwenye chuma mwilini amenyimwa kipimo. Vyuma vingi vya kuungia mifupa vimefanywa kwa titani, isiyovutwa, na tangu mwaka 2011 Marekani imeruhusu vifaa vya moyo vilivyotengenezwa makusudi viweze kuingia MRI kwa masharti yake. Linalotakiwa ni kadi au cheti kinachoeleza ni kifaa gani, cha kiwanda gani, na kiliwekwa mwaka upi. Aliyefanyiwa upasuaji na aitunze karatasi ile pamoja na hati za nyumba. Mpimaji asiyejua ni kifaa gani humrudisha mgonjwa, naye ana haki.

Hapa pana jambo ambalo katika nyumba zetu lina uzito wa peke yake. Maswali yale yaulizwa mara nyingi mbele ya jamaa waliomsindikiza mgonjwa: mume, wifi, mama mkwe, mtoto mkubwa. Mwanamke huulizwa kama ana mimba, na pengine mimba ni changa na hajamwambia mtu. Huulizwa kama ana kitanzi. Vile vya shaba aghalabu havina madhara, lakini baadhi ya vile vya chuma vyahitaji kuchunguzwa kwanza. Naye hutazama chini akasema hana. Mzee aulizwa juu ya risasi ya zamani ambayo hakupenda kuisimulia nyumbani. Uongo wa namna hii watoka katika haya, lakini sumaku haijui haya. Twawaomba wasindikizaji watoke nje wakati wa maswali bila ya kungoja kuambiwa, na twamwomba mgonjwa aseme waziwazi kwa mpimaji, "Nataka tuzungumze wawili." Siri ya mgonjwa ni amana kwa mpimaji, na kazi yake yamlazimisha kuihifadhi.

Ndani ya mashine mgonjwa hukaa dakika 20 hadi 60, katika tundu lenye upana wa sentimita 60 au 70. Kutikisika kidogo huivuruga picha, na wenye hofu ya mahali pembamba huona tabu. Hupewa kengele ya mkononi ya kumwita mpimaji, na aweza kutolewa wakati wowote. Kulijua hilo tu kwawatuliza wengi. Asikutanishe viganja wala kupachanya miguu, kwa kuwa ngozi ikigusana na ngozi hufanya duara la kupitisha umeme na mtu aweza kuungua. Watoto wadogo aghalabu hulazwa kwa dawa ya usingizi, nayo ina hatari zake, basi wazazi waulize. Wengine huchomwa sindano ya dawa yenye madini ya gadoliniamu ili uvimbe uonekane vizuri. Wenye figo dhaifu wahadhari nayo: tangu mwaka 2006 ilijulikana kwamba baadhi ya dawa hizo zaweza kuwaletea maradhi mabaya ya kukakamaa kwa ngozi. Zilizoko sasa ni salama zaidi, lakini figo zapaswa kutajwa, na mimba vilevile.

Sasa tufikie lile la mgongo. MRI haina mwenzake kwa ubongo, uti wa mgongo, gegedu na kano za maungo, na nyama laini zote, kwa kuwa hizo zimejaa maji. Lakini mapafu yamejaa hewa, na hewa haina la kusema. Huko CT yaona zaidi. Mfupa mgumu hauna maji mengi, na uliovunjika huonekana upesi na kwa bei ndogo katika eksirei. Aliyeanguka kichwa na yadhaniwa damu yavuja hupelekwa CT, kwani ni ya dakika chache na mitungi ya oksijeni yaweza kuwa karibu yake. Mtu asidhani amedhulumiwa kwa kupewa kipimo cha bei nafuu. Yawezekana ndicho kilicho bora kwake.

Na palipo na nguvu nyingi ya kuona pana fitina yake. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Waliwapiga picha za MRI za kiuno. Ni 36 tu katika kila 100 waliokutwa na diski zilizo sawa zote. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyofura mahali pamoja au zaidi, na wote walikuwa wakitembea na kufanya kazi zao bila ya kulalamika. Maana yake ni kwamba mtu mwenye maumivu akipigwa picha na pakaonekana diski imefura, bado haijathibitika kwamba ndiyo imuumizayo. Yawezekana alikuwa nayo miaka 10 iliyopita. Nasi tumewaona watu waliosoma karatasi ya majibu kabla ya daktari, wakalala kitandani kwa woga, na misuli yao ikazidi kudhoofika. Maumivu mengi ya kiuno hupungua katika wiki chache kwa mwendo na dawa ndogo. Dalili zitakazo picha upesi ni nyingine: miguu kulegea, kushindwa kuzuia haja, ganzi mapajani na sehemu za siri, homa pamoja na maumivu, kukonda bila ya sababu, au saratani ya zamani. Mwenye moja ya hizo asingoje hata siku moja.

Kwa yasiyokuwa hayo, swali la kumuuliza daktari kabla ya kutoa fedha ni hili: "Picha hii ikionyesha hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika?" Akijibu kwamba dawa ni ile ile kwa vyovyote, hapo mtu ana haki ya kungoja. Na aliyekwisha kupimwa na aombe nakala ya picha zenyewe katika diski, si karatasi ya majibu peke yake, asije akalipishwa mara ya pili na tabibu mwingine.

Bei hiyo kubwa yatokana na ile heliamu, na baridi, na chumba cha shaba, na umeme usiokatika. Wako wataalamu waliojaribu kuviacha vyote hivyo. Mwezi wa Septemba 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, mashine ndogo ya MRI iliunganishwa mahali pale pale kwa siku 11, na wataalamu wa Uganda pamoja na wenzao kutoka nje. Sumaku yake ni ya vipande vya kawaida visivyohitaji heliamu, na nguvu yake ni kama sehemu moja ya thelathini ya zile za hospitali kubwa. Picha zake zina ukungu. Lakini waliifikiria hasa kwa watoto wachanga wenye vichwa vilivyojaa maji, maradhi ambayo ni mengi Uganda, na mpasuaji wa mtoto kama huyo hahitaji kuona kila mshipa. Ahitaji kujua maji yako wapi na ni kiasi gani, na maji ndiyo hasa mashine hii iyasikiayo.